Mayi ya Ejo

Nilikuwa na miaka kumi na minane nilipodanganya kwamba najua Kirundi. Haukuwa uongo mkubwa, au ndivyo nilivyojiambia. Masera mkuu wa maternite aliniuliza ninasema lugha gani, nami nikazihesabu kwa vidole mbele yake: Kiswahili cha Uvira tulichokua nacho, Kifuliiru cha mama yangu, Kifaransa cha shule ya msingi. Kidole cha nne kilibaki kimesimama peke yake, nikaona aibu kukikunja bure. Nikasema, na Kirundi. Akaandika.

Masera ndivyo tulivyowaita watawa wa Kizungu. Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru ulikuwa bado, na maternite yao, yaani hospitali ya wazazi, ilikuwa nyumba ndefu ya matofali yenye baraza lililotazama ziwa. Mwanamke mwenye mimba aliyefika pale mara ya kwanza hakujua pa kuanzia. Jumanne ilikuwa siku ya matumbo, ya kupimwa wenye mimba. Alhamisi ilikuwa ya kupima watoto wachanga kwenye mizani. Ijumaa mchana waliojifungua walikwenda fwaye, nyumba ya pili, kufundishwa kufuma sweta ndogo na kupika uji wa mtoto. Aliyepungukiwa maziwa alikuwa na mlango wake, na aliyekaribia kuzaa alikuwa na chumba chake cha kungojea nyuma ya jiko. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye baraza, kumwandikia kila mmoja fishi yake, yaani kadi yake, na kumwambia aende wapi. Sikuwa muganga wala mkunga. Nilikuwa mlango.

Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Nilipewa blauzi nyeupe na kalamu ya risasi, na ile kalamu niliichomeka kwenye nywele hata nikienda sokoni Jumapili, watu waione. Baba yangu, aliyekuwa akihesabu magunia kwenye bohari la bandari ya Kalundu, alinitania kwamba hata yeye hatembei na magunia begani siku ya misa. Sikucheka. Nilikuwa mtu wa hasira za karibu, na bado niko hivyo, ila sasa miguu haiwezi tena kuzifuata.

Kirundi changu chote kilitoka kwa muuza nyanya mmoja aliyepita uani kwetu Rugenge. Mama alikuwa akimuuliza kama ana maharagwe, naye akijibu, "Ejo." Kesho yake akaja na maharagwe. Akiulizwa vitunguu, ejo, na kesho yake vitunguu vikafika. Hivyo nilijua kwamba ejo ni kesho, nilijua kusalimu asubuhi na kuitikia amani, nilijua kuhesabu mpaka tano. Maneno hayo machache niliyatamka vizuri sana, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari yake. Wanawake wa bonde la Ruzizi wakinisikia nikiwasalimu, walifurahi, wakanimwagia Kirundi kizima, nami nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa bingwa wa kuitikia kwa kichwa. Kama neno lilikuwa la lazima nilimwita mama wa usafi, mzaliwa wa bonde, aliyefua mashuka yetu, nikamwambia kwamba ninataka tu kuhakikisha.

Kila Jumanne masera mkuu alifundisha. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, kizuri, na wanawake hawakukielewa hata robo. Akisema "maji ya uzazi yakitangulia kabla ya uchungu," mimi nilikigeuza kiwe chetu: "Mayi ikimwangika mbele ya uchungu, usingoje. Kuya siku ile ile." Waliotoka bondeni walikaa pamoja mwisho wa benchi, na mmoja wao aliyejua Kiswahili akawarudishia wenzake kwa Kirundi, kwa sauti ya chini. Palikuwa na msichana mmoja kati yao, mimba yake ya kwanza, kitenge cha kijani, ambaye midomo yake ilikuwa ikitembea akirudia. Nilimwona. Nilijisifu moyoni kwamba somo langu linaingia.

Kiangazi cha mwaka ule maji yalipungua. Tangi la maternite lilikuwa likikauka kabla ya saa sita, na vyombo vya kujifungulia vinahitaji kuchemshwa. Masera akaniambia niwaombe wale wanaoishi karibu, kama wanaweza, waje na ndoo ndogo ya maji. Wale wanaoishi karibu, kama wanaweza. Nayakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu ni mimi niliyeyakata. Niliona tabu kueleza kila asubuhi nani yuko karibu na nani yuko mbali, nikasema wote. Tena nikaifanya kuwa sheria: asiye na maji hapandi baraza. Wa Rugenge walinung'unika wakaleta. Wa Kalundu walileta maji yanayonuka samaki. Hata wanawake walioshuka kutoka Bijombo, waliotembea siku mbili milimani, niliwaelekeza kwanza ziwani. Hakuna aliyeniambia nimezidi. Pengine walifikiri masera ndiye amesema, na mimi niliwaacha wafikiri hivyo.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya mizani. Baraza lilijaa watoto wanaolia, na masera alikuwa ndani akipima, mkono mmoja kwenye mizani, mwingine ukizuia mtoto asianguke. Mama wa usafi alikuwa ziwani na mashuka. Kwenye benchi palikuwa na mama za mjini tu. Jua lilikuwa limeshapanda nilipomwona yule msichana wa kitenge cha kijani akija peke yake kutoka barabara ya Kiliba, vumbi hadi magotini, anatembea polepole kwa miguu iliyoachana. Nikamtazama mikono. Mitupu. Nikakasirika hata kabla hajafika, kwanza kwa sababu hakuleta maji, pili kwa sababu siku ya matumbo ni Jumanne.

Alipokanyaga ngazi nilimzuia. Nikamwuliza, "Mayi yako iko wapi?"

Akasimama. Macho yake yakashuka kwenye kitenge, yakarudi kwangu, na nikaona uso wake ukilegea, uso wa mtu aliyebeba jambo njia nzima akiwaza ataanzaje kulisema, kisha akakuta anaulizwa lenyewe.

"Mayi?" akasema.

"Ndiyo, mayi."

Akapitisha kiganja kwenye paja, juu ya kitenge, mpaka gotini. Nilidhani anafuta vumbi kwa aibu. Akasema, "Amazi, ejo."

Maji, kesho: ndivyo nilivyosikia, nami nilikuwa nimechoka na kesho za watu. Kila siku palikuwa na mmoja wa kuniambia ndoo imetoboka, ataleta kesho. Nikamwambia kwa sauti iliyosikika benchi zima, "Ejo, ejo, kila mara ejo. Basi urudi ejo, na mayi."

Mama za mjini wakacheka. Yeye akasema maneno mengi kwa Kirundi, haraka, mkono bado uko pajani. Nami nikafanya nilichozoea kufanya: nikaitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mtu aliyeelewa. Aliponiona nimeitikia, aliacha kueleza. Akashuka ngazi. Nikaita anayefuata.

Mpaka leo kule kuitikia kwa kichwa kunaniuma kuliko maneno. Kama ningemwambia sijaelewa angetafuta njia nyingine. Angeonyesha kwa mikono, angekaa chini pale pale, angelia. Lakini nilimwonyesha kwamba nimesikia yote, na kwamba jibu ni arudi kesho.

Alirudi. Ijumaa asubuhi, kabla sijamaliza kufagia, alifika na mwanamke mmoja wa karibu na soko aliyemwonea huruma akamlaza kwake. Yule mwanamke alikuwa amemshika kiunoni. Na msichana alikuwa na mtungi wa maji kichwani. Mwenzake alinieleza baadaye kwamba alimwomba njia nzima amwachie mtungi, akakataa. Alisema ameambiwa alete yeye. Alikuwa akitetemeka kwa homa, maji yakimwagika mabegani, na macho yake yalikuwa mekundu. Akautua mtungi miguuni pangu, vizuri, bila kuupasua. Ndipo akashika nguzo ya mlango.

Masera alimwingiza mwenyewe. Sikuruhusiwa chumba kile, lakini harufu ilitoka mpaka barazani, na masera alipotoka kuchukua dawa alikuwa amekunja uso. Alisema kwa Kifaransa, kwa hasira, kwamba maji yalitoka zamani, siku mbili labda, na kwa nini, kwa nini wanangoja. Nilisimama na ufagio. Siku mbili nilizihesabu mara moja, lakini bado sikuzifungua. Nilijiambia kwamba jana alikuja bila maji, basi.

Nilikwenda nyuma, kwa mama wa usafi, aliyekuwa akianika. Nikamwuliza, kama ilivyokuwa desturi yangu, eti kuhakikisha tu: mtu akisema amazi, ejo, maana yake nini?

Hakuacha kuanika. Aliniuliza nani amesema. Nikamwambia. Akaniuliza lini. Nikamwambia jana. Ndipo akashusha shuka.

"Ejo iko kesho," akasema, "na iko jana. Yote mbili. Unasikiaka kwa maneno yenye inakuya nayo. Lakini muntu mwenye anasema amazi, anashika paja, iko anasema nini, mwanangu? Weye unasemaka unajuaka Kirundi."

Aliokota shuka, akalikung'uta, akaendelea na kazi. Nilikaa juu ya jiwe la kufulia. Jambo lilikuwa wazi kabisa. Maji yake yalikuwa yametoka Jumatano, na uchungu ulikuwa bado. Nyumbani kwao pengine walimwambia angoje uchungu, kama walivyongoja mama zao. Yeye akakumbuka somo. Akatoka alfajiri peke yake akatembea hadi kwangu, na mimi niliyemfundisha asingoje nilimwambia angoje.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa sita. Alikuwa mwanamume, mkubwa, mwenye nywele nyingi. Hakulia. Masera alimshughulikia muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maana, kisha akambatiza haraka haraka kwa kidole kilichochovywa, na sikuuliza yale maji ya kumbatizia yalitoka wapi.

Mchana masera aliniita. Msichana alikuwa amelala upande, homa imeanza kushuka kwa dawa, macho yako wazi ukutani. Nataka niseme kwamba masera hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, alikuwa na damu kwenye mkono wa kanzu, na alikuwa amempoteza mtoto ambaye angeweza kuishi. Alitaka mama huyu aelewe, ili lisitokee tena. Akaniambia nitafsiri, neno kwa neno.

Alisema: kila Jumanne tunafundisha. Alisema: maji yakitoka, mtu anakuja siku ile ile. Alisema: mtoto wako alikuwa mzima, amekufa kwa sababu umechelewa. Na mimi niliyageuza. Nilipokosa Kirundi nilichanganya Kiswahili, nilipokosa Kiswahili chepesi nilionyesha kwa mikono, nilijitahidi kuliko siku yoyote, na ajabu ni kwamba siku ile alinielewa. Nilimwona akielewa. Mtoto, amekufa, weye, kuchelewa.

Akageuza kichwa juu ya mto wa kulalia. Hakumtazama masera. Alinitazama mimi.

"Naje ejo," akasema.

Maneno mawili. Nilikuja jana. Hakuna mtu aliyehitaji kunitafsiria. Naje nililijua hata kabla ya muuza nyanya, kwa sababu linafanana na maneno yetu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesahihisha fishi iliyoandikwa vibaya.

"Anasema nini?" akauliza masera.

Hapo palikuwa na mlango, na mlango ulikuwa mimi. Ningeweza kusema. Ningefukuzwa kazi, bila shaka, ningevua blauzi ile, baba angeona haya Kalundu. Lakini yule msichana angerudi kwao na jambo moja mkononi, kwamba hakuchelewa. Hilo tu. Mtoto hakuwa wa kurudishwa tena. Kilichobaki cha kumpa kilikuwa ukweli huo, na ulikuwa kwangu.

Nikasema, "Anasema siku ingine atakuja mapema."

Masera akalainika. Akamwekea mkono kwenye paji la uso, akasema vizuri, vizuri. Msichana akageukia ukuta.

Kosa la siku ya kwanza nimewahi kulisimulia, kwa mume wangu, kwa padri, kwa binti zangu walipokuwa wakubwa, na kila mmoja alinifariji kwa namna yake: ulikuwa mdogo, neno lenyewe lina maana mbili, ni nani angejua. La pili sikumsimulia mtu. Hakuna neno lenye maana mbili ndani yake. Nilijua, nikasema vingine.

Alikaa siku tano. Nilimpelekea uji, akaunywa. Shemeji yake alikuja kumchukua kwa baiskeli, na nilimwandikia kwenye fishi, mahali pa sababu ya kifo, lile neno la Kifaransa alilonitajia masera, maana yake kuchelewa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Baada ya hapo ile sheria ya ndoo niliifuta bila kuambiwa. Nikamwomba mama wa usafi anifundishe Kirundi kwa kweli, tangu mwanzo. Alikubali, na hakunisema kamwe, wala hakumwambia masera, na sikujua kama ni kwa kunihurumia au kwa kunidharau. Jioni tulikaa nyuma ya jiko akinisahihisha. Alinifundisha wakati uliopita na ujao, alinifundisha kusikia tofauti, na siku moja nilimwuliza mtu anaombaje msamaha. Akaniambia: umbabarire. Nililirudia nikirudi nyumbani mpaka Rugenge. Nilikuwa nalitunza. Nilifikiri ipo siku nitaomba lifti kwenye lori la pamba, nishuke upande wa Kiliba, niulize nyumba hadi nyumba. Sikwenda. Kiangazi kikapita, mvua ikapita, na kila Jumapili palikuwa na sababu.

Kiangazi cha pili baada ya kile, Jumanne moja, yule msichana alikuwa kwenye benchi. Si mwisho wa benchi; mbele kabisa. Mimba ilikuwa kubwa, lakini kwa jicho langu lililokuwa limeshazoea ilikuwa imebakiza wiki tatu, hata nne. Alikuja na mkeka, sufuria, unga, na kifurushi cha kuni. Alikuwa amekuja kukaa.

Nilichukua kalamu na fishi, nikamwendea, na neno langu lilikuwa tayari ulimini. Nilifungua mdomo. Yeye akainuka, akakusanya kitenge chake, akanipita, bila kunigusa, bila kunitazama kwa chuki, kama unavyopita kando ya shimo unalolijua. Akaenda moja kwa moja kwa masera aliyesimama mlangoni. Akanyoosha mgongo. Akasema kwa Kiswahili, neno moja moja, kama mtoto wa shule mbele ya mwalimu:

"Jana, mayi bado. Leo, mayi bado. Kesho, minye niko hapa."

Ni nani aliyemfundisha sijui. Mume, shemeji, mtu wa sokoni. Mwaka mzima na zaidi alikuwa ameyatafuta maneno yale matatu, jana, leo, kesho, akajifunza kuyatenganisha, ili asihitaji kupitia kwa mtu yeyote.

Masera alifurahi sana. Alikuwa amemkumbuka. Alimshika mabega, akamgeuza atazame baraza zima, akawaambia wanawake wote wamwangalie huyu, amekuja mapema, na amejifunza lugha. Kisha akanitazama mimi kwa upendo, juu ya bega la yule mwanamke, akasema mbele yake, "Na wewe, binti yangu, umemfundisha vizuri."

Yule mwanamke alikuwa anajua Kiswahili sasa. Akageuka polepole kunitazama, akingoja nitasema nini.

Nikasema, "Ndiyo, masera." Nikaandika tarehe kwenye fishi yake, nikamwonyesha chumba cha kungojea.